UZI: Mwani, karafuu, muhogo, tungule (nyanya): shilingi ya mkulima wa Unguja na Pemba inavujia wapi?

#1 KondeLaWeni

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila bajeti ikisomwa tunaambiwa kilimo ndicho kitakachomtoa mtu wa shamba kwenye umaskini. Kwa nje ushahidi upo. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2008 ya Benki ya Dunia ilikadiria kwamba ukuaji wa uchumi unaotokana na kilimo unapunguza umaskini angalau mara mbili zaidi ya ukuaji unaotoka kwengineko. China walipoanza kuzikabidhi kaya mashamba walime kwa mkataba, kuanzia 1978, umaskini wa vijijini ulianza kuporomoka pale pale, kabla ya viwanda vya pwani kushika kasi.

Kwetu, utafiti wa bajeti ya kaya ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi umeshuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20. Lakini shamba kuko juu kuliko mjini, na Pemba iko juu kuliko Unguja. Yaani kule kunakolimwa zaidi ndiko kwenye dhiki zaidi. Hapo ndipo ninapotaka tupachimbe.

Ombi langu: anayelijua zao lake alieleze hilo tu. Pesa inaingia vipi, inavujia wapi, na kuziba kunagharimu nini. "Vijana changamkieni fursa" tuiachie redio.

#2 Bamvua

Wa alaykum salaam. Naanza na mwani, kwa sababu ndio zao ambalo wakulima wake wengi hapa visiwani ni kina mama, na ndilo linalosemwa vibaya zaidi kwenye semina.

Kilimo cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Aina ni mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri lakini ni dhaifu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi. Kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ndogo.

Sasa hesabu. Kamba ya mita 5 baina ya vigingi viwili, tai-tai (vikamba vyembamba vya kufungia mbegu) kila sentimita 20, unapata mafundo 24 hivi. Kila fundo mbegu ya gramu 100, basi kamba moja imebeba kilo 2.4 za mbegu. Unavuna baada ya wiki 6, yaani siku 42. Mwani ukikua asilimia 4 kwa siku, fundo linafika kama gramu 520, kamba inatoa kilo 12.5 mbichi. Ukiondoa kilo 2.4 za kurudisha mbegu inabaki kilo 10, na ukikauka (kilo 8 mbichi kwa 1 kavu) ni kilo 1.25. Kamba 100 ni kilo 125 kavu.

Ukuaji ukishuka hadi asilimia 3 unapata kilo 74 tu. Ukishuka hadi 2, kilo 39.

Tazama vizuri. Ukuaji umepungua nusu, pato limepungua zaidi ya theluthi mbili, kwa sababu mbegu inakatwa mwanzo, iwe mwani umekua au haukukua. Kwa bei ya kuhesabia tu ya shilingi 1,000 kwa kilo, mtu yule yule, kamba zile zile, bamvua zile zile (siku za maji kupwa na kujaa sana), anapata 125,000 au 39,000 kwa wiki 6. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tatizo la mwani ni bei", mwambie nusu ya tatizo liko majini kabla ya mnunuzi kuonekana.

Kinachoshusha ukuaji:

Kamba kulegea. Mwani unafagia mchanga, unachubuka, na pale palipochubuka ndipo panapoanza weupe. Kamba ikae sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga, na ikazwe upya kila bamvua.

Shamba kuwa juu mno. Maji yakipwa kabisa mchana wa bamvua lazima mwani ubaki umefunikwa. Ukiachwa kwenye maji ya kifundo cha mguu mchana wa kaskazi, maji yanakuwa moto, mwani unageuka mweupe kwenye vitawi, unakatika na kuchukuliwa na mkondo. Hauponi. Ukiona weupe, vuna siku hiyo hiyo kilichobaki kizima. Usisubiri wiki 6 kwa heshima ya kalenda.

Mbegu kuchoka. Watu wanavuna vichwa vizuri wanauza, wanarudisha mikia. Baada ya mizunguko kadhaa shamba zima ni mikia. Mbegu ichukuliwe kwenye ncha changa za mwani ulio bora, na itengwe kabla ya kuvuna vya kuuza.

Tasi. Samaki huyu anakata ncha kama mkasi. Shamba lililo karibu na majani ya bahari linaliwa zaidi, na dawa yake ni kuhama mita kadhaa, hakuna nyengine.

#3 HesabuZaBibi

Sadakta Bamvua. Ila hukuweka saa za kazi. Kufunga mafundo 2,400 kunachukua muda gani? Na kuanika? Mama yule yule ana maji ya kuteka na watoto wa skuli. Kipato kwa saa ndicho kipimo cha umaskini, kilo hazitoshi.

Na hili suala la kotonii kwenye maji marefu limefikia wapi?

#4 Bamvua

Bi Hesabu, umegusa penyewe. Kufunga ndiko kunakokula muda. Anayefunga fundo jipya la tai-tai kila msimu anatumia muda mrefu zaidi ya anayeacha kitanzi cha kudumu kwenye kamba na kupenyeza tawi tu. Kitanzi kinagharimu siku moja ya kazi mwanzo, kisha kinapunguza kazi ya kila mzunguko, na pia tai-tai hazizagai ufukweni. Kufunga kufanyike nchi kavu kivulini, mbegu imefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Mbegu iliyokaa juani saa nzima imeshakufa nusu hata kama bado ina rangi.

Kuanika: mchangani ni rahisi na ndiko kunakoharibu. Mchanga unaingia, mnunuzi anakung'uta, kilo zinapungua na jina la kijiji linaharibika. Chanja ya miti yenye wavu juu yake, kimo cha kiunoni, inakausha kwa siku 2 hadi 3 za jua kali kwa sababu upepo unapita chini. Mvua ikinyeshea mwani uliokwisha kukauka nusu, chumvi inaoshwa na mwani unapauka, funika mapema.

Kotonii: maji yenye kina hayapandi joto upesi, ndiyo maana huko inaishi. Njia ni kamba za kuelea zenye maboya na nanga, au nyavu za mirija, ambazo mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake wamezifanyia majaribio hapa Unguja. Mbegu inaingizwa ndani ya wavu, haifungwi fundo kabisa, na mawimbi hayaikati. Kikwazo ni kwamba kina hicho kinataka chombo na watu wanaojua kuogelea. Anayempa mama wavu bila ya ngarawa amempa mapambo.

Na sabuni ya mwani, kabla hamjaniuliza: ni biashara halali na inalipa, lakini kipande cha sabuni kinakula unga kidogo mno. Inaweza kuwainua kina mama wa kikundi kimoja, haiwezi kumaliza tani za kijiji.

#5 MzeeWaMajamvi

Mimi ni mtu wa karafuu, nitasema machache.

Bei ya ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu) kwa daraja la kwanza ilikaa miaka kwenye shilingi 14,000 kwa kilo. Kwa bei kama hiyo, tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho Pemba inafanyika kwenye siku 5 za kuanika.

Kilo 3 mbichi zinatoa kama 1 kavu. Karafuu ichumwe ikiwa imejaa na kichwa kimeanza wekundu, kabla ya kuchanua. Ikichanua, ua linadondoka, mafuta yanapungua, uzito nao unakwenda. Ukichuma changa ya kijani, inakauka ikawa nyembamba na yenye makunyanzi.

Kuchambua ni jioni ile ile. Karafuu mbichi zikilala kwenye polo (gunia) usiku mmoja zinapata joto, zinachacha, na zikikauka zinatoka nyeupenyeupe laini. Hizo hata uzianike wiki nzima daraja halirudi. Asubuhi zianikwe juu ya jamvi safi, tabaka moja, zigeuzwe. Barabara ya lami ni marufuku na kwa haki: inatia harufu, vumbi na vijiwe. Bati linaunguza upande mmoja.

Kujua zimekauka: chukua moja uivunje. Ikikatika kwa mlio, kikonyo kahawia iliyokoza na kichwa kahawia iliyopauka, tayari. Ikipinda, bado. Zenye unyevu zikitiwa ghalani zinaota ukungu kuanzia katikati ya polo, huoni mpaka ufungue.

Makonyo (vijiti vya kishada) yasitupwe, kiwanda cha Wawi, Pemba, kinayakamua mafuta. Na mchumaji anayevuta tawi kwa nguvu badala ya kulileta taratibu kwa kigoe, anavunja zao la msimu unaofuata. Anayelipwa kwa pishi hana sababu ya kulihurumia tawi, kwa hiyo mwenye shamba awepo chini ya mti.

Sasa kwa umaskini: mkarafuu unachukua miaka 6 hadi 8 kuanza kuzaa, na hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema unafuatiwa na wa ukame wa mifuko. Masikini hawezi kula hivyo. Anauza karafuu zikiwa juu ya mti, mapema, kwa nusu ya thamani, kwa mwenye pesa taslimu. Hapo ndipo pesa inapovujia, na bei ya dukani ikipanda anayefaidika ni yule aliyenunua mtini.

#6 Forodhani_Jioni

Mnaongea vizuri lakini mnazunguka mbuyu. Watu wetu hawana ardhi. Eka tatu za baada ya Mapinduzi zimerithiwa na watoto, wajukuu, na sasa kila mmoja ana kipande cha kufugia kuku. Hata mkilima kwa utaalamu gani, robo eka haimtoi mtu. Utalii ndio umeshusha hizo asilimia za #1, kilimo tusikitwike sifa isiyo yake.

#7 MbeguSafi

Forodhani, kuhusu utalii sikupingi sana. Kuhusu ardhi umesema nusu.

Nusu nyengine ni ya kuazima. Hapa kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Anayeazimwa konde chini ya minazi au mikarafuu anaruhusiwa muhogo, viazi, majimbi, mboga. Mti wa kudumu haruhusiwi, kwa sababu kupanda mti ni kudai. Kwa hiyo asiye na ardhi hana njia ya kupata karafuu, vanila wala pilipili manga, hata akiwa fundi. Amebanwa kwenye mazao ya miezi. Basi swali la maana ni vipi mazao ya miezi yamlipe zaidi, na kwa Zanzibar jibu lina jina: Ramadhani.

Mwezi wa Ramadhani kila nyumba inataka muhogo, mbatata, ndizi mkono wa tembo, majimbi, viazi vitamu vya futari. Bei inapanda kila mwaka na kila mtu anajua. Lakini wengi wanapanda kwa mazoea ya msimu, na Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Fanyeni hesabu kinyumenyume:

Muhogo wa miezi 9: upandwe kwenye masika, Aprili hadi mwanzo wa Mei 2026. Inaangukia vizuri kabisa, mvua na Ramadhani zimekubaliana.

Viazi vitamu vya miezi 4: mwanzo wa Oktoba. Vuli ikichelewa umechelewa nayo, kwa hiyo marando yaoteshwe kwenye kitalu cha bondeni tangu Agosti, yawe tayari siku mvua ikigusa.

Majimbi, miezi 7 hadi 9: sehemu zenye maji tu, Mei hadi Juni.

Ramadhani ikisogea hadi Disemba, mwanzoni mwa miaka ya 2030, viazi vya vuli havitawahi tena. Atakayekuwa na bonde lenye unyevu la kupanda Agosti atauza peke yake. Muhogo nao wa masika utakuwa na miezi 7 au 8 tu, kwa hiyo utahitajika wa aina inayowahi, au uliopandwa vuli ya mwaka uliotangulia.

Na hapa pana mtego. Watu husema muhogo ni benki, uache ardhini mpaka bei ipande. Benki hiyo inaoza. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia hauonekani juu. Majani yana unjano kidogo pembeni ya mishipa ambao wengi wanadhani ni uzee, mti umesimama, mzizi kwa nje mzima. Ukiukata ndani una mabaka ya kahawia makavu kama gome. Kadiri unavyokaa ardhini baada ya kukomaa ndivyo mabaka yanavyoenea. Mnunuzi wa soko la Mwanakwerekwe anaijua hiyo, anavunja mizizi miwili mitatu ya juu ya polo, akiona baka moja anakata bei ya gari zima.

Kinga ni mbegu. Kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitoa aina nne mwaka 2007 zenye kuhimili: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Zinahimili, haina maana haziugui kabisa. Vipando vya sentimita 20 hadi 25 vyenye macho 5 hadi 7, vikatwe kwenye mti wa miezi 8 hadi 12 ambao umeng'oa mizizi yake yote ukaipasua ukaiona safi. Watu wanachagua mti kwa majani. Mzizi ndio shahidi. Nafasi mita 1 kwa 1, kama vipando 4,000 kwa eka. Robo eka ni mashina 1,000. Shina likitoa kilo 2 safi ni tani 2, zote zinauzika ndani ya wiki mbili za mwanzo wa mfungo. Forodhani, hiyo ndiyo robo eka unayoiweka kuku.

#8 Forodhani_Jioni

Hilo la kuazima nimelikubali. Ila wote wakipanda kwa Ramadhani bei haitaanguka?

#9 MbeguSafi

Itashuka, haitaanguka. Watu mjini wanaongezeka, na sehemu ya vyakula vya futari inavuka bahari kutoka bara. Atakayeumia kwanza ni anayeleta kwa boti kwa sababu ana nauli na ana hasara ya safari. Na hao wanaofika wiki ya tatu ya mfungo wasilalamike, walaji huanza kufikiria nguo za Idi.

#10 BondeLaMpunga

Naona mpunga mmeukwepa. Kwa ufupi basi, maana zao hili kwetu ni la chakula zaidi ya pesa. Visiwa vinaagiza sehemu kubwa ya mchele wake, na mabonde mengi yanategemea mvua. Kwenye bonde la mvua kinachomuua mkulima ni tarehe. Ardhi isipokuwa imetibuliwa kabla ya katikati ya Machi, anapanda Mei, na mvua zinakatika mpunga ukiwa unachanua, anavuna mapepe. Anayesubiri trekta mpaka iwe zamu yake ni bora atumie plau ya ng'ombe nusu ya konde kwa wakati kuliko konde zima kwa kuchelewa. (Na ng'ombe hao wapo kwa sababu mbung'o walimalizwa Unguja, kazi iliyokamilika 1997 kwa kurusha madume waliotasishwa. Watu wameshasahau.)

Kwenye bonde la umwagiliaji, kilimo shadidi kinalipa: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, maji yanatiwa na kukaushwa kwa zamu. Kinalipa kama palizi ya kwanza inafanyika ndani ya siku 10 hadi 12. Bila ya maji ya kusimama magugu yanaota mbele ya mpunga, na asiye na mashine ya kusukuma atashindwa. Mbegu ya Saro 5 ina mavuno na harufu nzuri lakini inaugua manjano. Shina lililopauka na kudumaa ling'olewe mapema, na mikono ioshwe kabla ya kugusa jengine, maana ugonjwa huo unabebwa pia kwa mikono na miundu.

#11 DripuNaTangi

Mmenisubirisha. Tungule na hoteli.

Kila mtu anauliza kwa nini hoteli zinaleta mboga kutoka bara wakati vijiji viko mlango wa nyuma. Jawabu la kwanza ni kalenda. Wageni ni wengi Julai hadi Septemba, na tena Disemba hadi Februari. Tungule za kwetu zinajaa pale kila mtu alipopanda pamoja, zinakuwa adimu masika kwa sababu ya baka la majani na mnyauko. Anayetaka kuuza mwisho wa Julai ahamishe miche mwanzo wa Mei, yaani katikati ya mvua. Hawezi bila ya matuta ya sentimita 30, miti ya kufungia, na kukata majani yote yanayogusa udongo.

Jawabu la pili ni pesa ya kusubiri, na hili naliona kubwa zaidi. Kitalu wiki 4. Kutoka kuhamisha mpaka kuchuma mara ya kwanza wiki 10 hadi 12. Hoteli inalipa kwa ankara, mwezi hadi mwezi na nusu baadaye. Jumlisha: miezi 5 mkulima anatoa tu. Masikini anafika mwezi wa tatu anaacha kununua dawa, mwezi wa nne anamuuzia mchuuzi shambani kwa bei anayotajiwa. Si ujinga, ni njaa.

Kinachosaidia ni kupanda kitu cha wiki pembeni. Mchicha unachumwa wiki ya 3 au 4. Matango siku 45 hadi 50. Marando ya viazi kwa majani. Robo ya eneo ikiwa hivyo inanunua dawa na mafuta ya pampu ya tungule. Pato dogo la kila wiki linamtoa mtu kwenye shimo kuliko kubwa la mara moja, hata kama jumla ya mwaka ni ile ile, kwa sababu linamuepusha kuuza kwa dhiki. Mzee wa Majamvi kasema jambo hilo hilo kwa karafuu ya mtini.

Vipimo kwa robo eka (tuseme mita za mraba 1,000): mistari mita 1, mche hadi mche nusu mita, miche 2,000. Mpira wa matone mita 1,000. Kila mche lita 1 hadi 1.5 kwa siku, kwa hiyo lita 2,000 hadi 3,000. Tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 2, linajazwa mara mbili hadi tatu. Chujio lazima. Maji yetu ya mawe ya matumbawe yana chokaa, matundu yanaziba taratibu, na mkulima anaona miche ya mwisho wa mstari inanyauka akadhani ni ugonjwa. Fungua ncha ya mpira kila wiki, maji ya chokaa yatoke mpaka yasafike.

Umwagiliaji wa kukurupuka, leo mwingi kesho hakuna, unaleta kuoza kitako: baka jeusi lililobonyea chini ya tungule. Watu wanapiga dawa ya ukungu. Ni bure, hakuna ukungu pale, chokaa (kalsiamu) haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika.

Kufungasha: pakacha refu ni zuri kwa maembe mabichi. Kwa tungule, tabaka la chini linapasuka kabla gari haijafika, na juisi yake inaozesha za juu. Kreti ya plastiki, tabaka zisizozidi nne, tungule zimechumwa zikiwa zimeanza wekundu kitakoni. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kivulini. Hoteli inachagua ukubwa. Robo ya mavuno itakataliwa hata ukijitahidi, basi uwe na mteja wa pili kwenye soko la Jumbi au Darajani aliyekwisha kuambiwa mapema.

#12 HesabuZaBibi

Na kikundi? Hoteli haitaki kuzungumza na mtu wa kreti tatu.

#13 DripuNaTangi

Ndiyo, ila vikundi vingi vinakufa kwa sababu vinalima pamoja. Limeni mbalimbali, uzeni pamoja. Watu wanane, kila mmoja anahamisha miche wiki mbili baada ya mwenziwe, kikundi kinakuwa na tungule karibu miezi minne mfululizo badala ya mafuriko ya wiki tatu. Daftari moja, mizani moja, kila kreti ina alama ya mwenyewe, na inayorudishwa na hoteli inamrudia mwenye alama. Mkichanganya kreti, mwenye kazi mbovu anakula jasho la mwenye kazi nzuri, na mwaka wa pili yule mzuri hayupo.

Sehemu ya pesa ya kila malipo iwekwe kwenye mfuko wa kusubiri ankara. Mfuko huo unamlipa mwanachama siku 7 baada ya kupeleka, kisha unajirudishia hoteli ikilipa. Mwanzo jazeni kidogo kidogo kama upatu, msikimbilie mkopo.

#14 KondeLaWeni

Nashukuru sana. Suali moja la vitendo: huku kwetu kwenye weni (ardhi ya mawe ya matumbawe) kisima ni cha mita 6, maji yana ladha ya chumvi kidogo wakati wa kaskazi. Tungule zinafaa? Au niwaambie watu wasahau?

#15 DripuNaTangi

Usipime kwa ulimi. Tafuta kipimo cha EC (kinachopima chumvi ya maji), bwana shamba wa wilaya aulizwe kwanza. Tungule na matango zinavumilia maji ya mpaka 1.7 dS/m bila ya kupungua mavuno. Pilipili boga inaanza kulalamika kwenye 1.0, maharage kwenye 0.7. Ikisoma zaidi ya 3, achana na tungule kwenye kisima hicho.

Pima asubuhi kabla ya kuvuta, kisha pima tena baada ya saa mbili za pampu. Maji matamu ya weni yanaelea juu ya maji ya bahari; ukivuta kwa nguvu unayapandisha yale ya chini. Namba ikipanda baina ya vipimo viwili, punguza: pampu ndogo, muda wa saa moja tu alfajiri na mwengine kama huo alasiri, tangi lijae taratibu, na bomba la kuvutia lining'inie karibu na uso wa maji, lisiguse chini. Masika ikija mwaga maji mengi kwenye matuta mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Ukipata namba zako ziweke hapa, na kina cha maji kisimani siku hiyo.